Bendera Saba za Gord

Kwa miaka saba Polycarp Ngonyani aliizika timu ya watu wengine, na hakuna aliyemkataza.

Mazishi yalifanyika kila Aprili, saa ya chakula, kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, ambako yeye na wenzake walipakia vipuri vya mabomba. Jeneza lilikuwa sanduku la viatu. Ndani alilaza kibendera cha buluu na nyeupe, cha aina ile ambayo watu wa mji huo hubana kwenye dirisha la gari timu yao ya hoki ya barafuni, Leafs, inapoingia hatua ya mtoano. Vibendera hivyo vilikuwa vimejaa kwenye maduka ya vitu vya bei rahisi kule mtaa wa Rexdale, vikipata vumbi, maana timu haikuwa ikiingia mtoano. Polycarp alipita nalo sanduku kati ya meza, kichwa kimeinama, kisha akaliweka mbele ya Gord na kumpa mkono wa pole.

Gord ndiye aliyempokea kazini vuli ya mwaka 2005, Polycarp alipofika kutoka Songea kwa kupitia Dar es Salaam. Alikuwa mzungu mnene wa miaka hamsini na minne, msimamizi wa zamu, aliyezaliwa na kukulia upande huohuo wa mji. Alimfundisha kuendesha foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, na siku theluji ya kwanza ilipoganda alimfundisha kutembea juu ya barafu, magoti yamekunjwa, hatua fupi, kama bata. Mwaka 1967, akiwa na miaka kumi na sita, Gord alisimama barabarani akaona kombe ambalo Leafs walilitwaa likipitishwa. Hakuliona tena. Kila asubuhi baada ya timu kufungwa aliingia ghalani na uso uleule, akatundika koti na kusema, "Mwakani."

Polycarp aliuelewa uso ule. Alikuwa amekaa Dar miaka mingi, akaona watu wazima wakikosa kwenda kazini Jumatatu kwa sababu ya Jumapili uwanjani. Alijua pia dawa yake. Mtu mwenye timu anahitaji mtani, na Gord hakuwa naye. Kila mtu pale ghalani alimwonea huruma, na huruma ilikuwa ikimmaliza.

"Nitafutie shati la maadui zao," Polycarp alimwambia Tharcisse, Mkongo wa pale ghalani aliyekuwa ameishi Montreal kabla ya kuhamia Toronto.

Tharcisse akamletea shati jekundu la timu ya Montreal lililopauka kwenye viwiko. "Chukua, mukubwa. Hili litamuuma kuliko jino."

Mazishi ya kwanza yalikuwa Aprili 2006. Gord aliliangalia sanduku, akafungua kifuniko, akakiona kibendera kimelazwa juu ya karatasi laini. Kisha akacheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka.

"Sasa unalipa faini," Polycarp alimweleza. "Kwetu mfiwa humlipa mtani ili jeneza lipite."

"Faini gani?"

"Donati. Sanduku zima."

Gord akatoka na koti lake, akarudi na donati za watu wote. Jioni akaondoka na sanduku la viatu kwapani. Ikawa hivyo mwaka uliofuata, na uliofuata. Makocha walibadilishwa, wachezaji wakauzwa, mashabiki wakawazomea vijana wao wenyewe, na watu waliokuwa wakivaa shati la buluu Jumamosi wakaanza kulivaa kwa kupaka rangi nyumba. Gord hakuacha. Kila Aprili alicheka, akalipa, akachukua sanduku. Polycarp hakuwahi kumuuliza analipeleka wapi.

Gord alifariki Aprili 2013, Jumapili, gerejini kwake, moyo ukiwa umesimama ghafla. Timu ilikuwa imebakiza mechi chache, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba ilielekea kufuzu.

Siku ya ibada ya kumuaga, Leokadia, mkewe Polycarp, alimtazama sana walipokuwa wakivaa viatu. Leokadia ni Mchaga wa Rombo, na alishawahi kwenda Songea msibani.

"Baba Brightness, kule hakuna watani. Utakaa, utasimama, utakaa."

"Najua."

"Mbona koti umelifunga mpaka kidevuni?"

"Baridi."

Chini ya koti palikuwa na shati jekundu. Hakukusudia ubaya. Kanisani alikaa kiti cha nyuma kati ya Leokadia na binti yao Brightness, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akasikiliza watu wakizungumza kwa sauti za chini, mmoja mmoja, wakisoma kwenye karatasi. Hakuna aliyemwiga Gord alivyokuwa akitembea. Hakuna aliyemtukana hata kidogo. Polycarp alikumbuka msiba wa baba yake: siku tatu mama hakutia kitu kinywani, mpaka mtani wao Mbena alipotokea amevaa koti la marehemu, akajilaza njiani mbele ya jeneza na kudai jogoo, la sivyo hazikwi mtu. Mama alicheka, na baada ya kucheka akaomba uji. Nani angemfanyia hivyo mke wa Gord? Aliangalia kanisa zima na kuona ni yeye tu.

Wabebaji walipofika mlangoni, Polycarp alikuwa amekwisha kusimama pale, koti wazi, mikono imetandazwa kutoka mwimo hadi mwimo.

"Huyu hapiti," alisema kwa sauti ya ghalani. "Miaka saba amekula aibu bila kulalamika. Leo furaha iko mlangoni, naye anakimbia, kwa sababu hajaizoea. Hapiti mpaka nilipwe faini. Donati, sanduku zima."

Akangoja kicheko. Alikuwa na uhakika nacho.

Jeneza lilikuwa zito, na mmoja wa wabebaji alibadilisha mkono. Norma, mjane, alisimama nyuma ya jeneza akimtazama Polycarp kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha lugha asiyoijua. Kisha uso wake ukajifunga. Ndugu yake Gord akaja akamshika Polycarp kiwiko, bila nguvu, akamsogeza pembeni kama mtu anavyosogeza kiti. Jeneza likapita. Ndani ya kanisa mtu mmoja alikohoa.

Brightness alivuka uwanja wa magari peke yake, akaenda kusimama upande wa pili wa gari. Njiani, walipofika barabara ya Kipling, akasema kwa Kiingereza kwamba mwanafunzi mwenzake alikuwepo, mjukuu wa yule mjane. Akavuta kofia ya koti mpaka puani.

"Ndivyo tulivyomzika baba," Polycarp alimwambia mkewe jioni.

"Baba yako alikuwa anajua," Leokadia alijibu. "Gord alikuwa anajua?"

Swali hilo lilimkaa kifuani. Mtani hutania na kutaniwa. Akiwa juu ya foklifti aliipekua miaka saba yote, akitafuta siku moja tu ambayo Gord alimrudishia, akamzika yeye, akamcheka lafudhi yake, upara wake, shati lake lililopauka. Hakuipata hata moja. Gord alikuwa akicheka, akilipa, akienda zake. Labda alikuwa mpole tu. Labda kila Aprili alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba yule Mtanzania amemfedhehesha tena. Polycarp alihisi masikio yakimwaka moto, pale juu, peke yake, foklifti ikiwa imesimama.

Kazini hakuna aliyemtania kuhusu mlango wa kanisa. Walimsalimia kwa adabu, na adabu hiyo ilimuumiza. Kisha Tharcisse akamwambia, akitazama chini, kwamba mwili ulichomwa na majivu yatazikwa Mei, ardhi ikishalainika. Watu wa ghalani wamekaribishwa.

"Nani?"

"Sisi wa zamu. Wewe hawakukutaja, mukubwa."

Polycarp akaitikia kwa kichwa. Hakumuaga Gord. Alikuwa akidai donati wakati wenzake wanaaga.

Timu ikafuzu. Mji ukageuka rangi ya buluu. Vibendera vilivyokaa madukani miaka saba vikaisha, vikapepea kwenye madirisha ya teksi na magari ya mafundi bomba, na Polycarp akawa anaendesha kwenda kazini macho yakiwa kwenye lami.

Wiki ya pili ya Mei Norma alikuja ghalani kuchukua vitu vya mumewe kabatini. Alipomaliza akaomba kumwona Polycarp. Walisimama kwenye chumba cha kulia, mezani palepale.

"Mama, nisamehe," Polycarp alianza. "Kwetu, mtu akifa…"

"Nilielezwa. Yule rafiki yako Mkongo alinieleza." Akaweka mfuko wa karatasi mezani. "Hivi vilikuwa gerejini."

Ndani kulikuwa na vibendera saba, vimefuliwa na kukunjwa. Kila kimoja kilikuwa na mwaka, umeandikwa kwenye kijiti kwa kalamu nene ya ghalani.

"Alisema timu ikiingia mtoano atavibana vyote saba kwenye gari lake, aje aegeshe mlangoni kwako asubuhi na mapema, apige honi mpaka utoke na nguo za kulalia. Miaka saba alipanga hivyo. Alikuwa akinieleza tukila, anacheka peke yake." Akafunga zipu ya koti. "Sikuvileta ili ufurahi. Ule mlango wa kanisa sijausahau."

"Ndiyo, mama."

"Ni vyako tu. Kwangu sina pa kuviweka."

Alipoondoka Polycarp aliketi. Kwa hiyo Gord alikuwa anajua. Alikuwa mtani kamili, na zamu yake ya kucheka ilikuwa imekaribia, zimebaki siku chache, naye Polycarp akaenda kuidandia mbele ya maiti yake.

Jioni hiyo alivibana vyote saba kwenye gari lake la Toyota, vitatu kushoto, vitatu kulia, kimoja nyuma. Brightness alitazama kutoka dirishani. Siku iliyofuata wafanyakazi walitoka nje kumwona mtu wa Montreal akiingia uwanjani na bendera za adui, wakamcheka, na yeye akakaa ndani ya gari akawaacha wacheke mpaka wamalize.

Jumatatu ikachezwa mechi ya saba na Boston, ya kuamua nani asonge mbele, kule kwao. Zikiwa zimebaki dakika kumi na moja, Leafs walikuwa wakiongoza manne kwa moja. Polycarp hakuwahi kumwombea Mungu timu yoyote, lakini alimwombea hii. Wakarudishiwa mabao matatu, mawili ya mwisho ndani ya dakika moja na nusu, wakafungwa kwenye muda wa nyongeza.

Asubuhi ya Jumanne vibendera vilikuwa vimetoweka. Njia nzima ya Islington, kwenye foleni ya magari mia na zaidi, gari la Polycarp peke yake lilikuwa na bendera, saba kwa mpigo, zikipiga kelele kwa upepo. Watu walimtazama. Dereva mmoja wa lori alishusha kioo akamuuliza kama hana televisheni. Polycarp alishika usukani kwa mikono miwili akaendelea, akapita njia ya kwenda ghalani bila kukunja kona, mpaka kwenye nyumba ndogo ya matofali ya Gord. Alisimama dukani mara moja tu.

Norma alifungua mlango akiwa na kikombe mkononi. Aliliangalia gari kwanza, akasogeza midomo akihesabu. Kisha akaliangalia sanduku la donati lililoshikwa kwa mikono miwili.

"Faini," Polycarp alisema. "Niliidai mahali pasipo pake. Ni mimi ninayedaiwa."

Gari lilipita nyuma yao, likapunguza mwendo, mtu akacheka ndani yake.

"Angekucheka mpaka akohoe," Norma alisema mwishowe. Hakutabasamu. Akachukua sanduku, akalishikilia ubavuni. "Majivu tunayazika Jumamosi, saa tano asubuhi. Utasimama nyuma ya watu wote."

"Nyuma kabisa, mama."

"Na bendera usizitoe njiani. Ziache hivyo hivyo, uje nazo."

Akafunga mlango. Polycarp akashuka ngazi taratibu, magoti yamekunjwa, hatua fupi, ingawa barafu ilikuwa imeyeyuka zamani.