Mlenda wa Mama Yona

Enzi zetu hakuna mtoto aliyeulizwa anataka kula nini. Chakula kilikuwa kile kile cha jana na cha juzi, kikitengwa chini mnanawa, mnakaa, mnakula. Wenzangu mliokulia kwenye tembe huku Ugogo mtakumbuka ugali wa uwele ulivyokuwa na rangi ya majivu yaliyonyeshewa, umekaa katikati kama kichuguu, na pembeni yake bakuli la mlenda. Majani yake yalichumwa wakati wa mvua, yakaanikwa juu ya paa la tembe, yakatwangwa na kuwekwa akiba ya kiangazi kizima. Harufu ya karanga zilizotwangwa ikisikika kutoka jikoni, mnajua leo nyumbani kuna neema.

Nakumbuka tulivyokuwa tukishindana kuukata mlenda. Mtoto wa mjini leo mpe mlenda, utamteremka kutoka kidoleni hadi kiwiko, na atalia. Sisi tulikuwa na ufundi. Unachovya tonge, unalizungusha mara mbili, unalipiga kidogo kwenye ukingo wa bakuli, uzi unakatika, unatia kinywani hata shati halijui kama umekula. Sheria ilikuwa moja tu: mkono ukishapumzika haurudi. Ukichelewa kwa sababu ya porojo, unakuta bakuli linang'aa, na hakuna wa kukuonea huruma. Asubuhi tulikwenda shule na njugu mawe mfukoni. Mwalimu akigeukia ubao, darasa zima linatafuna. Akigeuka na kuuliza, "Nani anakula?" tunabaki tumevimba mashavu kama vyura, macho kwenye daftari.

Lakini chakula hasa, chakula kilichonijenga nikawa huyu mnayemwona, nilikula kwa jirani yetu, Mama Yona. Kijiji chetu kiko mbele ya Chamwino, na tembe lake na letu yalitenganishwa na zizi la mbuzi. Alikuwa na watoto watano. Kila jioni nilikuwa wa sita kwenye bakuli lake. Mlenda wa yule mama! Nimekaa Dar es Salaam miaka tisa na Mwanza miaka sita, nimekula samaki wa kila ziwa na kila bahari, na kote huko niliwaambia watu kwamba hakuna mpishi aliyemfikia Mama Yona. Siku ya harusi yangu nilishika kipaza sauti nikamshukuru mbele ya wageni wote kwa kunilea kwa mlenda wake. Mama yangu mzazi alikuwa ameketi meza ya mbele. Alipiga makofi kuliko wote.

Sasa niseme kidogo kuhusu mimi, maana wengine mnanikumbuka nikiwa peku. Nimerudi Dodoma nikiwa na diploma ya uzalishaji wa mifugo. Sikusomeshwa na mjomba wala na mfadhili, nilijisomesha kwa kuuza mayai. Nina nyumba Nzuguni, ina ukuta na geti jeusi, na nina duka la vyakula vya mifugo ambako wafugaji wanakuja hata kutoka Mkonze kuniuliza. Kuku wa mtu wakigoma kula, ninaitwa mimi. Naangalia kinyesi, naonja pumba, nachanganya, na baada ya siku tatu kuku wanagombania chombo. Diploma yenyewe nimeiwekea fremu, iko ukutani mbele ya meza ya chakula, ili mgeni akinyanyua kijiko aione.

Chini ya diploma hiyo ndipo binti yangu Nyemo, mwenye miaka mitatu, alipogoma kula.

Alianza na ugali, akafuatia wali, kisha uji. Anafunga mdomo, anageuza uso, anatazama dirisha kama bosi aliyechoka na waombaji. Nikasema hilo ni suala la kitaalamu. Nilikaa na kalamu nikapanga lishe yake kama ninavyompangia ng'ombe wa maziwa, wanga kiasi hiki, protini kiasi hiki. Nikasagisha unga wa uji wenye vitu kumi na kimoja: uwele, mtama, mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, na dagaa. Mke wangu Rehema alionja kijiko kimoja akakiweka chini taratibu.

"Baba Nyemo," akasema, "huyu si ndama."

"Unajua mbegu za maboga zina nini ndani?"

"Sijui. Najua huu uji una nini. Una dagaa."

Nyemo hakuufungulia mdomo. Nikamnunulia kiti kirefu cha plastiki chenye mkanda, nikamwekea katuni kwenye simu. Ikawa anapanua mdomo akisahau, na akikumbuka anatema. Watoto wetu hawa bila simu hawamezi. Sisi tulitazama nini? Tulitazama mkono wa mwenzetu usitutangulie. Na kwa kuwa hakuwa akila chakula, nilimpa juisi ya boksi na biskuti ili tumbo lisilale tupu. Biskuti hakuzikataa hata siku moja.

Kisha tukaenda kliniki. Muuguzi alimpima, akachora kwenye kadi, akanionyesha kwa kidole. Mstari uliokuwa ukipanda ulikuwa umelala miezi mitatu, na sasa ulianza kuinamia chini. Nilimweleza habari ya vitu kumi na kimoja. Alinisikiliza kwa adabu.

"Baba, kati ya mlo na mlo anakula nini?"

Nikataja juisi. Nikataja biskuti.

"Basi mezani anafika ameshiba sukari. Acheni hivyo vitu. Msimlazimishe, zimeni simu, na uji uwe na vitu viwili vitatu tu, siyo duka zima. Ale na wenzake. Mwezi ujao mrudi naye. Asipoongezeka nitamwandikia aende hospitali kubwa."

Nilimbeba Nyemo hadi nje. Mimi ninayekadiria uzito wa dume kwa kulitazama tu, sikuwa nimeona kwamba mwanangu amekuwa mwepesi hivyo.

Rehema hakunilaumu. Alimpigia simu mama yangu, na kesho yake mama akashuka kutoka kijijini na mfuko wa mlenda mkavu. Jioni tulikaa mezani, simu imezimwa, Nyemo kwenye kiti chake kirefu, mdomo umefungwa. Nikaona hapa panataka maneno ya mzazi.

"Mwanangu," nikaanza, "mimi nilipokuwa kama wewe, nilikuwa namaliza tonge kubwa kama ngumi. Sikuchagua chakula. Enzi zetu..."

Mama alicheka hadi akapaliwa. Rehema akampa maji.

"Nani alikuwa hachagui? Wewe Mika?"

"Mama, si nilikuwa nalamba bakuli kwa Mama Yona?"

"Ulikuwa unalamba bakuli langu."

Nikamwomba arudie.

"Wewe nyumbani ulikuwa hufungui mdomo," akasema. "Mtoto wangu wa pekee, mbavu zinahesabika. Nikikuwekea mlenda unasema unanuka moshi, nikikuwekea maziwa unasema yana nywele. Nikaona ukienda kwa kina Yona unachungulia bakuli lao. Basi nikapatana na mama yake. Kila jioni napika, nakipitisha chungu nyuma ya zizi chini ya kanga, namwachia, narudi kukaa mlangoni. Wewe unakuja mbio unaniambia, 'Mama, leo nakula kwa kina Yona, kwetu chakula kibaya.' Nakwambia nenda baba."

"Kila siku?"

"Mpaka ulipoanza shule. Na watoto wake walijua, hakuna aliyekwambia."

Nikaikumbuka harusi. Nikaikumbuka hotuba yangu, kipaza sauti mkononi.

"Mama Yona alinifinya chini ya meza," mama akasema, akapangusa machozi ya kicheko. "Nikamwambia nyamaza, mwanangu anasifia mlenda wangu mbele za watu, wewe wataka nini zaidi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia wakati ule, ungekula wapi?"

Kisha akamtazama Nyemo, aliyefungwa mkanda peke yake upande wake wa meza. "Huyu ni wewe mtupu. Nyuma ya ukuta wako huu kuna nani?"

Nyuma ya ukuta kulikuwa na Mama Baraka. Ana watoto wanne, wanakula barazani kwenye mkeka, sinia moja, na kelele zao nilikuwa nikizisikia kila jioni tangu nihamie. Nilikuwa nimezungumza naye mara mbili tu. Mara ya kwanza kuhusu kuku wake walioruka ukuta. Mara ya pili nilimpa somo, bila kuombwa, kwamba watoto kula chini kwa mikono sinia moja ni hatari kiafya. Ningekuwa na zizi la mbuzi katikati ningepita nyuma kimya kimya. Nilichonacho ni geti jeusi linalolia kama punda, mtaa mzima unajua limefunguliwa.

Nilikwenda kwa miguu, hotpoti ya mlenda wa mama mkononi.

"He! Baba Nyemo," Mama Baraka akasema. "Leo kuku wangu wamekosa nini tena?"

"Hawajakosa, jirani. Mimi ndiye nimekuja na shida."

Nikamweleza yote, kadi ya kliniki, mstari, mama yangu na chungu chake. Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye hotpoti.

"Kwangu hakuna kiti kirefu."

"Najua."

"Na wananawa kwa sabuni, usije ukanisomesha tena. Kliniki hata mimi naijua."

"Nisamehe, Mama Baraka."

"Mlete. Chakula pitisha huku jikoni, watoto wasikuone. Wakijua ni chako watamwambia."

Siku ya kwanza Nyemo alikaa kwenye mkeka akatazama tu. Siku ya pili Baraka, mdogo wa wote, mwenye miaka minne, alimwambia, "Usipokula nakimaliza," na akaanza kutekeleza. Binti yangu akatia mkono. Nilikuwa nimeegemea ukuta wangu kwa ndani, jicho kwenye tundu la tofali, mtu mzima mwenye diploma, nikimwona mwanangu mlenda umemfika kiwiko. Hajui kuukata. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

Wiki ya kwanza bila biskuti ilikuwa ngumu, alilia na mimi nikakaribia kulia. Lakini mwezi ulipotimia mstari kwenye kadi uliinua kichwa, kidogo tu, kama chipukizi. Muuguzi akauliza tumefanya nini. Nikavuta pumzi nianze na diploma yangu. Rehema akakohoa, nikaishia kusema, "Amepata wenzake wa kula nao."

Ndugu zangu wa rika langu, tunapenda kusema enzi zetu watoto walikula kila kitu. Labda ninyi mlikula. Mimi nilikula kwa hila ya mama na kwa sababu zizi la mbuzi halikuwa na geti. Leo tumejenga kuta ndefu, kila mtoto ana sahani yake yenye picha ya sungura, kisha tunashangaa kwamba hana hamu. Mama Yona alikwishafariki, na mimi namkumbuka, yeye na watoto wake waliojua siri ile wakasogea kidogo kunipisha.

Juzi mlenda niliupika mimi mwenyewe. Nilitwanga karanga, nikatia magadi kidogo kama mama alivyonionyesha, nikapitisha hotpoti jikoni kwa jirani. Nyemo alirudi jua likizama, tumbo mbele, karanga shavuni.

"Baba," akasema, "mboga ya Mama Baraka tamu. Ya kwetu mbaya."

Mama alikuwa akipepeta uwele kibarazani. Ungo ukatulia.

"Kweli, mwanangu," nikamjibu. "Mama Baraka anajua kupika."

Ungo ukaanza tena.