Kadi Mbili Katika Kitambaa Kimoja

Mwanangu Ithungu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka vidole vyangu hupata baridi, hata kama nimekaa jikoni karibu na moto. Sijawahi kukusimulia yote. Umesikia vipande tu, kutoka kwa shangazi zako ambao hawakuwepo. Lakini juzi umerudi kutoka Kasese na kadi mpya ya benki, ukaitupa mezani pamoja na funguo, ukaniambia, “Mama, huko ninakokwenda mambo ni rahisi, unagusa tu.” Niliinuka nikatoka nje. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu, niliogopa.

Ulikuwa na miaka tisa. Moyo wako ulikuwa na tundu, na midomo yako ilikuwa ikigeuka rangi kila ukipanda kile kilima cha shule. Madaktari wakasema lazima upelekwe Uhindi. Watu wa kanisani na ndugu zetu wakachanga, fedha zikawekwa benki Kasese, nami nikapewa kadi ili nisisafiri na noti. Leo mnaniita mzee, lakini siku zile nilikuwa bado nabeba gunia la chumvi ya Katwe kichwani kutoka stendi mpaka soko la Mpondwe bila kupumzika, na nilijiona mjanja kuliko wanawake wote wa Bwera. Uliza yeyote, nilikuwa na mdomo.

Siku ya kuchukua kadi, karani aliita, “Biira!” Tukasimama wawili. Wewe unajua majina yetu yalivyo: kila binti wa pili kuzaliwa ni Biira, ukiliita jina hilo sokoni watageuka wanawake ishirini. Mwenzangu alikuwa Biira Joyce wa Bwesumbu, muuza maharage, niliyefahamiana naye miaka mingi pale sokoni. Naye alikuwa anakwenda mji uleule wa Uhindi tuliopangiwa sisi, kumpeleka mumewe, Mzee Muhindo, aliyekuwa mgonjwa wa figo. Tulifurahi kupata mwenzi wa safari. Kadi zetu zilikuwa na rangi moja na maandishi yaleyale mbele: BIIRA J. Mimi Jane, yeye Joyce, na benki haikuona sababu ya kumaliza jina.

Kila mmoja alichagua namba yake ya siri kwenye mashine. Kisha karani akatupatia kalamu, akasema tutie sahihi nyuma ya kadi, kwenye ule mstari mweupe. Joyce alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, katika darasa la wazee. Akainama, akatoa ulimi, akaandika JOYCE kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka. Mimi nilicheka mpaka karani akacheka. Nikasema, “Umeandika au umelima?” Yeye alipuliza wino ukauke. Mimi sikutia sahihi. Nilisema nitatia nyumbani, kwa utulivu, kwa mwandiko mzuri. Ukweli ni kwamba nilitaka kadi yangu ibaki safi. Mpaka tunapanda ndege sikuwa nimetia.

Sasa sikiliza kosa letu lilivyokuwa. Sisi wanawake wa Mpondwe, tulipokuwa tukivuka mto kwenda kuuza upande wa Kongo, tulikuwa na desturi: fedha za wote anashika mmoja, amezifunga kwenye kitambaa ndani ya nguo, na kila safari tunabadilishana. Mwizi hajui amfuate nani. Desturi hiyo ilituokoa mara nyingi. Basi safari ile tukafanya vilevile. Joyce akafunga kadi zote mbili katika kitambaa kimoja, akakiweka kifuani. Tulipofika Uhindi tulilala nyumba ya wageni, na asubuhi kila mmoja akaelekea hospitali yake, kwa sababu hospitali ya figo ilikuwa upande wa pili wa mji. Mlangoni Joyce akafungua kitambaa, akanipa kadi. Nikasoma BIIRA J, nikaitia mfukoni. Naye akasoma BIIRA J, akaondoka na mumewe.

Hospitalini walikulaza, wakakuchoma sindano yenye mpira mkononi. Daktari alisema moyo wako umechoka kuliko walivyotarajia, wanataka kukupasua kesho yake asubuhi. Nafasi ilikuwepo, lakini malipo yaingie leo kabla dirisha la fedha halijafungwa. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Nikamwuliza, nikichelewa je? Akasema maneno mengi ya upole, na mimi katika maneno yote yale nikasikia moja tu, kwamba hakupendekeza kungoja.

Nikapanga foleni. Nikatoa kadi, karani akaichomeka mashineni, akanisukumia nibonyeze namba yangu. Nikabonyeza. Mashine ikalia, akatikisa kichwa. Nikadhani nimekosea kwa haraka. Nikabonyeza tena, polepole, nikitaja kila namba kimoyomoyo. Ikalia tena. Karani akaonyesha kidole kimoja. Nilielewa: imebaki mara moja.

Mwanangu! Namba ile nilikuwa naijua kuliko ninavyojua uso wangu. Nilijiona kichaa. Nikawaza labda benki imekula fedha, labda ndege imeharibu kadi, labda watu hawa wananiibia machoni. Simu yangu haikushika mtandao huko. Nyuma yangu watu walianza kunung'unika. Nikaanza kulia kwa sauti nikiita mama yangu aliyekufa zamani, huku kidole changu kinakwenda kubonyeza mara ya tatu.

“Mama, wacha!” Sauti hiyo ilitoka kwenye viti vya kungojea. “Toa mukono hapo! Usipige tena!”

Alikuwa mzee mwenye kofia ya hajji na koti lililochakaa viwiko. Nilikuja kujua ni mwenye malori wa Kasese, amemleta ndugu yake. Sikuwa namjua, lakini alisema Kiswahili cha kwetu, nami nikamgeukia. Akaja, akanyoosha mkono nimpe kadi. Hakuisoma mbele hata kidogo, aliigeuza nyuma.

“Wewe unaitwa nani?”

“Biira Jane.”

“Na hii iko sahihi ya nani?”

Nikaona zile herufi zilizopanda na kushuka. JOYCE. Zile nilizozicheka. Nikamweleza Joyce ni nani, na kwamba naye amemleta mumewe mgonjwa.

Hajji alinigombeza mbele ya watu wote, na sijasahau neno hata moja. “Unasafiri na kadi ya mutu mwingine, haujui? Wangekuambia uweke sahihi, ungeandika jina lako, wangesema wewe ni mwizi. Ingefungwa hii, na mwenyewe iko na mugonjwa pia. Ya kwako iko wapi? Uliandika nyuma?”

Nikasema sikuandika. Akafumba macho kidogo. Kisha akasema taratibu, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu kabisa, “Basi yeye hana kitu cha kumwambia asimame. Atapiga mpaka ifungwe.”

Nilikuacha kwa muuguzi. Ulikuwa umelala, na nilipokubusu paji la uso nilijisemea kwamba pengine ndiyo mwisho. Tukachukua bajaji kwenda hospitali ya figo. Barabara zilikuwa zimejaa, honi kila upande, na Hajji alikuwa anatazama saa yake halafu anaificha mkononi ili nisiione. Tulimkuta Joyce amekaa sakafuni nje ya dirisha la fedha, kadi yangu iko mapajani.

“Biira,” aliniambia, “nimepiga mara tatu. Imekataa. Wanasema imefungwa. Nilifikiri iko makosa ya vidole vyangu, mimi mutu wa shamba.”

Hajji akapiga simu Kasese kwa laini yake. Benki ilimjibu kwamba kadi iliyofungwa itafunguliwa Jumatatu, na mpaka wathibitishe mwenyewe ni nani. Tukabaki na kadi moja nzima, ya Joyce, ambayo ndani yake mlikuwa na malipo ya mgonjwa mmoja tu.

Sikuomba, mwanangu. Namshukuru Mungu kwamba angalau hilo sikulifanya. Nilimpa kadi yake kwa mikono miwili. Joyce akaitazama, akaingia wodini kwa mumewe. Walikaa humo muda mfupi. Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge vizuri, akasema, “Muhindo anasema tuende kwa mutoto. Yeye atangoja Jumatatu.”

Tulifika dirisha likiwa karibu kufungwa. Joyce akabonyeza namba yake, mashine ikanyamaza, karatasi ikatoka. Akatia sahihi chini yake kwa herufi zake zilezile, polepole, ulimi nje. Nilisimama nyuma yake nikiona aibu ambayo sina jina lake.

Kesho yake walikupasua, ukapona. Jumatatu kadi yangu ilifunguliwa mchana, na kabla sijanywa hata maji nilikuwa kwenye lile dirisha la hospitali ya figo nikilipa. Mzee Muhindo alianza matibabu jioni ile. Alikufa Jumatano.

Daktari wao alisema hata angeanza Ijumaa, pengine ingekuwa vilevile. Pengine. Nimeishi na neno hilo miaka kumi na miwili. Joyce hajanilaumu hata siku moja, na ndiyo sababu ninapopanda Bwesumbu kila mwaka na chumvi yangu huwa naogopa kuanzia pale njia inapoanza kupanda. Sasa unajua kwa nini mama yako mdogo Joyce hukushika mkono akahesabu mapigo ya moyo wako kabla hajakusalimu.

Basi unisikilize, wewe unayekwenda kusomea uuguzi nchi za watu. Leo hii, kabla hujala, chukua kalamu utie sahihi nyuma ya kadi yako, ileile iliyo katika pasipoti, hata kama ni mbaya. Usiitambue kadi kwa jina, majina yetu ni ya watu wengi. Shika tarakimu za mwisho za namba ya kadi. Namba ya siri usimpe mtu, hata mimi. Kadi yako isilale katika kitambaa cha mwingine, hata awe rafiki wa damu. Mashine ikikataa mara mbili, ondoa mkono, kaa chini, uulize. Usione haya kwa watu walio nyuma yako kwenye foleni, wao hawana mgonjwa wako. Andika namba ya simu ya benki kwenye karatasi, si kwenye simu tu, na uwaambie benki unakokwenda kabla hujaondoka. Na akiba kidogo iwe mahali pengine, mbali na kadi. Na tafadhali, mwanangu, usimcheke mtu kwa mwandiko wake.

Joyce anashuka kesho kuja kukuaga. Ametuma neno kwamba ana zawadi: kitambaa chake kile, amekifua. Kipokee kwa mikono miwili, upige magoti, na usiseme mengi.

Mungu aliyekufungulia macho katika wodi ile akufungulie kila mlango utakaoubisha. Akupe mtu wa kukuzuia mkono pale unapotaka kukosea. Na huo moyo ulionunuliwa kwa subira ya mtu mwingine, aulinde upige mpaka uwe mzee kuliko mimi. Haya, lete kalamu, nikuone ukiandika.