Bweha wa Jumapili

Jamani, kuna watu wamekimbizwa na nyuki, kuna waliokimbizwa na mgambo, na kuna waliokimbizwa na wake zao wenyewe wakiwa na taulo tu kiunoni, lakini mimi Maganga nadhani ndimi mtu pekee kijijini kwetu, na pengine Igunga nzima, niliyewahi kukimbizwa na kwaya, tena kwaya kamili, sauti zote nne, na sare zao za zambarau, na nasema mapema msije mkadhani najitetea: nilistahili. Hadi leo nikipita gulioni watoto hawaniamkii moja kwa moja, wanaanza na "uuuu" halafu ndiyo shikamoo, na mimi naitikia marahaba kwa sababu nitafanyaje.

Chanzo ni Shija. Au tuseme chanzo ni mimi, Shija alikuwa sababu.

Mimi na Shija tumekua pamoja, tumechunga pamoja, na tumechapwa pamoja kwa ng'ombe walewale walioingia shamba lilelile. Enzi zile bweha walikuwa wengi, na mbuzi wakianza kuzaa tu watu walikuwa wanatuita sisi wawili, maana bweha hamsubiri mtoto wa mbuzi aote meno. Ile kazi haifanywi na mtu mmoja. Shija anakaa nyuma kichakani na jani bichi kati ya vidole gumba, analipuliza linalia kama mtoto wa mbuzi aliyenaswa kwenye miiba (mbuzi majike wenyewe walikuwa wanakuja kuangalia ni mtoto wa nani), na mimi natangulia mbele, nakaa nyuma ya kichuguu na upinde wangu, upepo ukinipiga usoni, nasubiri. Hatuongei, hatuonani, lakini nikilisikia lile jani najua mwenzangu yupo, na yeye akisikia uzi wa upinde anajua na mimi nipo. Basi, hatukuhitaji zaidi ya hapo.

Halafu Shija akahamia Tabora, akafungua duka la vipuri vya baiskeli pale Kanyenye, akaota kitambi. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila baada ya siku mbili tatu na tunaongea mpaka sikio linapata moto, baadaye ikawa sikukuu kwa sikukuu, baadaye ikawa "nitakupigia, kuna mteja hapa". Simlaumu, mteja ni mteja. Lakini huku kwangu mke wangu Kabula alishafariki, watoto wako Mwanza na Dar, nyumba imebaki na mimi, kuku, na redio. Nilifika mahali mtangazaji akisema "habari za asubuhi, wasikilizaji", namjibu "nzuri, sijui wewe", na siku betri ilipoisha katikati ya taarifa ya habari niliona kama mgeni kaondoka bila kuaga. Sikumwambia mtu. Mwanaume mzima utamwambia nani kwamba unasalimiana na redio?

Sasa mwaka jana kiangazi shangazi yake Shija akafariki pale Igunga mjini, Shija akaja mazishini, na Jumamosi jioni akafika kwangu kulala, ili Jumapili mchana apande basi la kurudi kupitia Nzega. Nilichinja jogoo niliyekuwa nimempenda (hilo nalo liandikwe). Tukala ugali, tukakumbuka mambo, na katikati ya kucheka Shija akasema: "Maganga, kesho alfajiri twende ngitilini. Nikimsikia bweha hata mmoja, nakuapia, kila kiangazi nitakuwa nakuja, wiki nzima, duka nawaachia vijana. Lakini kama wameisha, bwana, mgongo wangu huu na mabasi yale... tutakuwa tunaongea kwenye simu."

Alisema kwa utani, mwenyewe anachokonoa meno. Mimi kicheko kiliniishia hapohapo, maana nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakijui: kwetu pale bweha sikuwa nimemsikia kwa muda mrefu mno. Vichaka vimekatwa, pamba imelimwa mpaka mlangoni, pamebaki ile ngitili tu, yaani eneo la malisho tunalolifunga masika yote ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikolee. Nikasema, "Wapo, wapo tele." Kisha nikalala macho.

Alfajiri tukaenda. Shija akakaa kichakani kwake palepale pa zamani, mimi nikatangulia kwenye kichuguu kilekile, ila mkononi nilikuwa na fimbo tu (upinde wangu ulishaliwa na mchwa). Akapuliza jani. Jamani, mkono wa mtu hausahau, sauti ilitoka vilevile, mpaka nikahisi nina miaka kumi na mitano na magoti yangu hayaumi. Akapuliza, akanyamaza, akapuliza, akanyamaza. Kimya. Kanga wakapita na mambo yao. Jua likaanza kuchungulia. Nikageuza shingo taratibu nikamwona kwa mbali kati ya majani: amelishusha lile jani, mabega yameanguka, anaangalia saa yake.

Hapo ndipo nilipobweka.

Sikupanga. Niliweka tu viganja mdomoni nikaachia "uuuuu-we-we-we-we", na nilipomaliza mimi mwenyewe nilishtuka kama mtu aliyekohoa kwenye mazishi. Lakini nilimwona Shija akinyooka! Aliliparamia lile jani, akapuliza kwa nguvu, nami nikamjibu, akapuliza, nikamjibu, nikatambaa mpaka kichuguu cha pili nikabweka kwa sauti nyembamba ili wawe bweha wawili, mume na mke, halafu nikatambaa tena nikamwongezea na mtoto. Na niwaambie ukweli wa moyo wangu, nilifurahi. Muda wote ule nyumbani nilikuwa nikijibu watu wasionisikia, na sasa nilikuwa naita mtu ananiitikia, naita ananiitikia, nikasahau saa, nikasahau kwamba nadanganya, nikasahau na jambo moja ambalo hata mtoto anayechunga ndama wa jirani analijua.

Bweha hulia jioni na alfajiri. Bweha anayelia jua limeshapanda, tena karibu na nyumba za watu, huyo ana kichaa. Na bwana mifugo alikuwa ametangaza wiki ileile kwamba kijiji cha jirani kuna mbwa mwenye kichaa kang'ata watu. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye tangazo. Hata swali niliuliza!

Kumbe Mama Nyanzala, jirani yangu, alikuwa pembeni ya ngitili anaokota kuni. Alisikia familia nzima ya bweha wenye kichaa, akatupa mzigo chini akapiga mwano. Mwano kwetu ni yowe la hatari, na haupuuzwi. Ukiusikia unatoka na silaha uliyonayo na unaupokea, unaupiga na wewe ili wa mbele yako asikie, na atakayebaki ndani atajieleza mbele ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, kwa nini alikuwa anakunywa chai wenzake wanakufa. Nikausikia unapokelewa nyumba ya kwanza, ya pili, kule bondeni, mpaka kanisani, ambako ibada ilikuwa imeanza. Mchungaji hakubisha, naye ni mtu wa kwetu, akafunga kitabu. Wanaume wa kijijini hata ibadani huja na fimbo, wanaziegemeza ukutani nje, kwa hiyo silaha zilikuwa tayari, na kwa kuwa kwaya ndiyo hukaa karibu na mlango, kwaya ndiyo iliyotangulia.

Hapo ningesimama. Najua. Ningenyanyua mikono nikasema "jamani ni mimi", yangeisha kwa kucheka. Lakini ningesimama na Shija yuko pale anatazama, angejua kwamba bweha hawapo, na asingerudi. Basi nikatambaa. Nikasikia mbwa. Nikatambaa kwa kasi ambayo sikujua bado ninayo, mwiba ukanishika suruali kwa nyuma, ukabaki na kipande chake, na mbele yangu nikaona shimo la mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, nikajiingiza kichwa kwanza.

Kichwa kiliingia. Mabega yakaingia. Ugali wa jana ukagoma.

Nikabaki hivyo, nusu yangu ya mbele gizani na udongo mdomoni, nusu ya nyuma mbele ya waumini. Mbwa walifika kwanza wakabweka, halafu wakanusa, halafu wakanyamaza kwa aibu, maana wananifahamu. Nikasikia miguu mingi ikisimama. Kisha sauti ya mwalimu wa kwaya, ambaye ni Mha, mtani wangu wa siku zote: "Bwana asifiwe, huyu bweha amevaa suruali!"

"Msimguse!" akasema mwingine. "Akikung'ata je?"

"Na mdomo uko huko ndani, atakung'ata na nini?"

Ndipo nikamsikia Mama Nyanzala, taratibu, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba. "Jamani. Hicho kiraka ni cha kitenge cha marehemu Kabula. Huyo ni Maganga."

Kabula alinishonea kile kiraka kwa kitenge chake mwenyewe, cha samaki wa njano, akaniambia hakitaonekana, kiko sehemu ya ndani. Kilionekana na kijiji kizima. Nililia kidogo mle shimoni, na kwa bahati nzuri shimo lina faida zake.

Wakanivuta kwa miguu. Kamanda wa sungusungu, kijana ambaye mimi nilimfundisha kulima kwa plau, akaniangalia, akashindwa aanze na nini, akaanza na heshima. "Shikamoo, mzee Maganga."

"Marahaba, mwanangu."

"Bweha yuko wapi?"

Nikatazama huku na huku. Shija alikuwa amefika, anahema, jani bado mkononi. Ningeweza kusema amekimbilia bondeni, wangemfukuza upepo mpaka adhuhuri. Lakini kamanda akamgeukia Mama Nyanzala na sauti ikabadilika: "Mama, mwano si mchezo. Kama umepigwa bila sababu, unajua kanuni." Yule mama akashika shavu. Ni yeye aliyekuwa akiniletea uji wakati wa msiba wangu, wiki baada ya wiki, mpaka mimi mwenyewe nikamwambia inatosha.

"Bweha ni mimi," nikasema.

"Wote?" akauliza Mama Nyanzala. "Hata yule mdogo?"

"Hata yule mdogo."

Kamanda akakuna kichwa. Akasema ili mama aondolewe lawama lazima ithibitike kwamba mtu mwenye akili zake angeweza kudanganyika, kwa hiyo, mzee wangu, kwa heshima zote, bweka. Na mimi, baba wa watoto wanne, mbele ya mchungaji, mbele ya sauti zote nne, nimeshika suruali kwa nyuma kwa mkono mmoja, nikabweka. Nilianza na mume, nikaja mke, nikamalizia na mtoto. Mwalimu wa kwaya akasikiliza ameinamisha kichwa kama anavyosikiliza soprano, akatoa hukumu: "Mama hana kosa. Tena huyu tumweke sauti ya kwanza." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mchungaji alijaribu kujizuia, akashindwa, akageuka kuangalia mti.

Shija peke yake hakucheka.

Tulitembea mpaka barabarani. Njia nzima nilisubiri anitukane, ningefurahi angenitukana. Tulipofika kituoni ndipo akasema, "Kwa hiyo wameisha."

"Wameisha."

"Ungeniambia tu, Maganga."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba uko peke yako."

Basi likaja, kondakta akachungulia mlangoni akasema, "Mzee, na huyo bweha tunapakia?" (Habari zilishafika lami kwa bodaboda kabla ya sisi.) Shija akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili, likaondoka. Hakusema atarudi lini na mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani nikampa kuku mabaki ya jogoo bila kufikiri, halafu nikajiona mtu mbaya zaidi.

Basi, fundisho ni hilo, lichukueni bure, mimi nimelilipia kwa suruali. Nilijua kulia kama bweha, mume, mke na mtoto, lakini kumwambia rafiki yangu "Shija, nimekukumbuka, njoo" sikujua, na maneno yenyewe yalikuwa hayo tu. Nikaapa siku ileile, nimekaa kizingitini nashona kiraka juu ya kiraka, kwamba sitabweka tena maisha yangu yote, mchana wala alfajiri, hata nikilipwa.

Jumapili iliyofuata, watu wako kanisani, simu ikalia. Jina la Shija. Nikasema "haloo, Shija", hakujibu. Nikasikia kengele ya baiskeli, nikasikia mtu anauliza mnyororo, nikasikia Shija anamwambia yule mtu, "Ngoja kidogo, niko na mtu hapa." Halafu likalia jani. Kanyenye ile, katikati ya mji, sijui alilichuma wapi, likalia kama mtoto wa mbuzi aliyenaswa kwenye miiba, likanyamaza, linasubiri.

Nikazima redio. Nikatazama nje. Mama Nyanzala alikuwa anapita na mzigo wa kuni, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

Nikasubiri apite kwanza.