Kengele ya Kushoto

Fundi wetu wa maabara ya fizikia ni mama mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na sijawahi kumwona akiacha kitu kibovu bila kukiandika. Kila Jumatatu huweka daftari lake la matengenezo mezani pa Daktari, mhadhiri wetu mkuu. Kila Ijumaa analikuta pale pale, limewekewa kikombe cha chai juu. Mimi mtunza stoo nimeyaona hayo mpaka nimechoka.

Mwaka huu binti wa pekee wa Fundi aliomba nafasi ya kusomeshwa bure hapa chuoni. Nafasi moja, waombaji wawili, alama sawa. Daktari alitakiwa asome insha zao, aamue. Hakusoma. Aliwasha mashine ya chembe.

Mashine hiyo inarusha chembe moja ya mwanga kwenye kioo kinachoipitisha au kuirudisha, kisha inapiga kengele ya kushoto au ya kulia. Kushoto alimpa binti wa Fundi, kulia mwenzake. Ikalia ya kulia. Karani akampigia binti simu kumpa pole. Barua rasmi za majibu zilibaki zikingoja muhuri.

Fundi alinipita mlangoni pa stoo bila salamu. Nikamfuata hadi meza ya Daktari mle maabara, maana nilijua leo patachimbika.

"Keti kwanza, mama," Daktari alisema, kwa ule upole wake unaonitia kichefuchefu. "Hakuna aliyekosa. Kanuni inayoiongoza chembe ni moja, haikatiki wala haiongezwi kitu. Chembe haikuchagua. Ilipita kote kuwili, na dunia ikagawanyika nayo. Iko dunia ambamo kengele ya kushoto imelia, na binti yako sasa hivi anafunga sanduku aje chuoni."

"Nani amekuhakikishia kwamba haikatiki?"

"Hiyo ni dhana. Lazima mtu aanzie mahali."

"Dhana!" Fundi alipiga meza. "Huyo anayefunga sanduku, nimewahi kumpikia uji mimi? Wangu yuko nyumbani, kajifunika shuka mchana kweupe!"

Daktari akatabasamu. Naapa alitabasamu, na mkono ukaniwasha nimzabe kibao.

Fundi akashusha sauti. "Ulipowasha, ililia mara ya kwanza?"

"Hapana. Mara tatu kimya. Nikarudia, ya nne ikalia."

Fundi akaondoa kikombe, akafunua daftari lake, akaweka kidole. "Soma."

Daktari akasoma kwa sauti: "Jumatatu. Kengele ya kushoto imekufa. Mashine isitumike."

Tabasamu likamtoka.

"Chembe ikienda kushoto, kimya, nawe unarudia," Fundi alisema. "Unarudia mpaka iende kulia. Sasa chukua dhana zako zote, gawanya dunia mara elfu. Ipo hata moja ambamo mwanangu alipewa nafasi?"

Daktari alitazama dari, akatazama mashine. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Haipo," alisema mwishowe. Kisha akanigeukia haraka. "Stoo kuna kengele mpya? Niifunge, nirudie leo leo."

Ilikuwepo, rafu ya pili, ndani ya boksi lake.

"Hakuna," nikasema.

Fundi alivuta zile insha mbili kutoka chini ya mafaili, akazipanga mbele ya Daktari, akaburuta kiti na kukaa.

"Anza na ya yule mwenzake mwanangu," alisema. "Soma zote mbili. Hapa hapa, nikikuona."