Makopo Yasiyo na Tundu

Andika, Mwende mjukuu wangu, na usibadilishe neno. Mimi ni Kalunde, wanayeniita Mama Mutinda, binti wa Musyoka na Mbithe, nilizaliwa Kyuso, sikusoma, na aibu ninayoieleza hapa niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Kanisa letu lilikuwa limemaliza jengo jipya, nami nikasimama mbele ya akina mama nikasema kwamba hakuna mche utakaonunuliwa, kwa maana mimi nitaotesha franjipani sita, ile miti ya maua yanayonukia, za kupanda mlangoni (unanijua, mimi ndiye ninayewakemea wanaopanda ndengu vibaya). Matawi nilipewa na Mama Salima, jirani yetu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alinieleza vizuri: "Yaache kivulini wiki mbili mpaka utomvu ukauke, halafu toboa makopo chini, na maji kidogo tu, Mama Mutinda."

Kukausha nilikausha. Kutoboa ndiko kulikonishinda. Mtu aliyekua akichimba mchanga wa mto kutafuta maji, akayabeba mgongoni hadi nyumbani, atatoboaje kopo zima ili maji hayo yapotelee chini? Nikayaacha makopo yale matupu ya rangi ya ukuta yalivyokuwa, nikachomeka vijiti humo, nikayamwagilia kila asubuhi, na vijiti vikatoa majani mawili matatu ya kijani kibichi, nami Jumapili nikatangaza kanisani kwamba vimeshika mizizi.

Siku ya ufunguzi mhubiri mgeni kutoka Kikima, mwenye suti nyeupe, alishika kijiti cha kwanza ili ainue kopo akiombee, na kijiti kikachomoka. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Chini kilikuwa cheusi na laini kama ndizi iliyooza, na maji yanayonuka yakamrukia kifuani. Ningenyamaza hapo, aibu ingekuwa ndogo. Lakini nilisema kwa sauti, "Mhubiri, umevuta kwa nguvu. Shika kingine." Akashika kingine, kikatoka vilevile, ndipo nikaenda mimi mwenyewe kwa hasira nikavuta cha tatu, na cha nne (sijui nilikuwa nikimwonyesha nani), mpaka vyote sita vikalala kwenye sakafu tuliyoipiga deki asubuhi hiyo.

"Mwaitu, mama yetu, hiyo ni mizizi ama ni supu?" akauliza Kavinya, yule niliyemkemea kwa ajili ya ndengu, na watu wakacheka ndani ya kanisa ambalo lilikuwa bado halijaombewa. Mhubiri akajipangusa, akasema, "Tumshukuru Mungu kwa maji." Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilirudi kwa Mama Salima. Aliingia ndani, akatoka na matawi sita na msumari.

Franjipani zilizo mlangoni mwa kanisa leo ni hizo. Kavinya nilimwomba msamaha, na tangu hapo simkemei mtu shambani kabla sijatazama chini ya kopo langu.

Sasa sikiliza. Nikiondoka, mbuzi wagawane wajomba zako wapendavyo, wala usibishane nao. Msumari uko dirishani, ndani ya kikombe kisicho na mkono. Huo ni wako. Uuhifadhi, na uutumie.