Pikapu Iliyotiwa Vifungo

Kwa heshima na taadhima, umma unaarifiwa kwamba sayansi ya magari hatimaye imempata mkombozi wake, na mkombozi huyo ni mshona sare za shule. Vyuo vya ufundi havikuhusishwa. Vingehusishwa vingekataa.

Tunamzungumzia Fundi Futi. Jina hilo alipewa kwa sababu futi yake ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda kuoga. Hayo ni kwa maelezo ya mkewe, na shahidi mwingine hatunaye.

Pikapu yake ya petroli ilikufa barabarani ikitoa moshi mweupe, ikavutwa kwa kamba mpaka uani kwake. Kuku wakahamia kwenye kiti cha dereva. Mkewe akaanza kuanika shuka kwenye boneti. Na shemeji, kaka wa mkewe, mnunuzi wa vyuma chakavu, akawa haishi kuja kuwasalimu. Akishakula, huizunguka ile pikapu akiigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Shemeji, maiti hii mnaizika lini?"

"Siku utakayozikwa wewe. Tumeona tuwaweke pamoja, msiwe wapweke."

Sasa, kwenye lundo la shemeji kulikuwa na injini ya dizeli iliyotolewa kwenye basi dogo lililopinduka. Fundi Futi akaiomba kwa kubadilishana na ovaroli za wafanyakazi. Anataka kuifanyia nini? Kuitia kwenye pikapu. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta.

"Chukua! Ila tukubaliane. Ukipanda nayo mlima mpaka shuleni, na sare zako nyuma, siigusi tena maisha yangu. Ikikwama njiani, naikatakata hapo hapo ilipokwamia."

"Nimesikia," akasema mkewe, "na mimi ndiye shahidi."

Watu walicheka, mwenyewe hakucheka. Pikapu ile ndiyo iliyomleta mkewe na kila mtoto kutoka hospitali. Ndiyo waliyojifunzia binti zake kuendesha, na ukuta wa jirani una alama za kuthibitisha. Tena ndipo mahali pekee pale nyumbani alipoweza kuvua viatu asiulizwe kitu.

Injini ikawekwa kwenye chumba cha kushonea, chini ya meza ya kukatia, imefunikwa kipande cha bitana. Akaipima kama anavyopima watu wote: mabega, kiuno, nyonga, akitia alama kwa chaki yake ya nguo. Mama mmoja aliyefuata gauni lake akasimama mlangoni.

"Fundi, mimi nangoja tangu mwezi uliopita, unampima huyo?"

"Huyu nikimpima havuti tumbo ndani."

Kisha akachora kwenye boksi gumu umbo la vikalio, yaani vile vyuma vinavyoishika injini kwenye fremu ya gari, akakata, akampelekea fundi wa kuchomea. Fundi wa kuchomea ni mtu wa utii. Mpe boksi lenye umbo la bata, atakurudishia bata wa chuma. Alikata sawasawa na boksi, hakupunguza wala hakuzidisha.

Kumbe mkono uliozoea nguo ulikuwa umefanya kama kawaida yake. Umeacha akiba kuzunguka pande zote.

Vikalio vikatoka vipana na virefu kupita kiasi. Injini ilikaa, lakini ilikaa juu, na boneti ikagoma kufunga. Ilibaki wazi kama mdomo wa mjumbe aliyesinzia mkutanoni.

"Mzee," akauliza fundi wa kuchomea, "hii nafasi ya pembeni ilikuwa ya nini?"

"Ya mshono."

"Mshono wa nini?"

Fundi Futi akaanza kuipima upya ile nafasi kwa futi yake.

"Chuma hakina mshono, mzee wangu."

"Na wewe unaniambia baada ya kukata?"

"Si wewe umekuja na futi shingoni? Nikajua unajua!"

Chuma kilikuwa kimekwisha, na kesho yake shule zilikuwa zinafunguliwa. Basi Fundi Futi akaomba boneti itobolewe kichwa cha injini kipate pa kutokea, akarudi kwenye cherehani. Asubuhi tukaiona: juu ya tundu kuna kofia ya turubai la kijani, imepigwa upindo safi, ina mstari wa vifungo vya koti. Magari yote ya mtaa yalionekana yako uchi.

Kuwaka ilikataa. Mirija ya dizeli ilikuwa imeingia hewa. Akalegeza nati kwenye pampu, akasukuma dizeli kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, akakaza, akazungusha ufunguo. Ikanguruma. Wingu jeusi likapita uani likitafuta kitu cheupe, likakipata.

"Shuka zangu!" mkewe akapiga kelele.

"Panda gari, mama. Tutazungumza juu."

Wakapanda mlima, sare zikiwa zimerundikwa nyuma. Nyuma yao shemeji na lori lake, mtungi wa gesi na mkasi wa kukatia chuma vikiwa tayari. Alikuwa anaendesha polepole, kwa adabu ya mtu anayesindikiza jeneza.

Katikati ya mlima mvuke ukaanza kutoka pembeni ya kofia. Pikapu ikapunguza mwendo, ikapunguza tena. Shemeji akapiga honi kidogo, ya furaha.

"Nishuke nisukume?" mkewe akauliza.

"Usisukume. Ataona."

"Mume wangu, anaona mpaka jasho lako."

Mke akafungua mlango, akashuka pikapu ikiwa inakwenda, maana ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Akatembea mpaka mbele, akajifunga khanga mkononi asiungue, akafungua vifungo viwili vya juu. Mvuke ukatoka kwa pumzi moja ndefu. Akarudi, akapanda, akafunga mlango, wala hakuhitaji kukimbia. Fundi Futi akaitia gia ya kwanza, akakanyaga mafuta, na ile mashine ikavuta mpaka ndani ya geti la shule, watoto wakishangilia kana kwamba hawakuletewa sare za kubana shingo.

Shemeji alishuka, akavua kofia, akaizunguka. Safari hii hakugonga. "Haya, shemeji," akasema, "imekataa kufa." Akageuza lori.

Mwalimu mkuu, mtu asiyeweza kuona umati bila kuuhutubia, akanyoosha mkono kuelekea dirisha la dereva.

"Wanangu, tazameni juhudi! Tazameni uvumilivu! Fundi, hebu waambie hawa watoto: ukiwa hapa kileleni, ukitazama kule chini ulikotoka, unasikia nini moyoni?"

Fundi Futi alikuwa bado amekaa kitini, mguu umekandamiza chini.

"Nasikia mguu unakufa ganzi," akasema. "Leteni jiwe, breki ya mkono haishiki."