Chui Aliyezoea Masomo Yangu

Saa tatu na robo asubuhi, daktari wa wanyama alifika kwenye kituo chetu nje ya Lubumbashi kumchukua chui mchanga, aliyeokolewa ndani ya lori mpakani Kasumbalesa, ampeleke porini. Sharti lilikuwa moja: asizoee watu. Nilimlisha nyuma ya pazia, bila kumwambia neno. Ila mimi hujifunza kwa kusoma kwa sauti, na pale palikuwa na utulivu. Kila siku nilijisomea palepale sarufi ya Kifaransa.

“Papa, alishazobelea bantu?” daktari aliniuliza, akitaka kujua kama chui amewazoea watu.

“Hapana, dokta. Hata sauti yangu hajui.”

Kusikia sauti hiyo, chui akaja mbio, akajilaza kwenye wavu wa kizimba chake karibu nami, akafumba macho.

“Papa,” daktari akasema taratibu, “huyu hataenda tena mu pori.”